Aramandi kwanza, njuga baadaye

Unaanza Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India, ukubwani, au umempeleka mtoto? Usikimbilie kununua njuga za miguuni. Hizo zitakuja, na kwa kawaida mwalimu ndiye anayesema lini. Miezi ya mwanzo kazi iko kwenye aramandi, ule mkao wa nusu kuchuchumaa: visigino karibu kugusana, vidole vya miguu vimeelekea nje, magoti yamefunguka pembeni, mgongo wima.

Sisi tulioanza watu wazima huwa tunadanganya hapa. Tunapindua nyayo hadi zifanane na za mwalimu, huku magoti yanatazama mbele. Picha inapendeza, ila usiku goti linalia. Jaribu hivi: egemea ukuta, shuka taratibu, kisha chungulia chini. Goti liwe juu ya vidole vya mguu. Likiingia ndani, punguza kupindua nyayo, maana mzunguko unatoka nyongani. Makalio yakianza kuusukuma ukuta umeshuka mno, panda kidogo.

Ndipo uingie tatta adavu, kupiga unyayo sakafuni, wote bapa kwa pamoja, mdomo ukihesabu "teyya tei". Anza polepole, halafu mara mbili ya kasi, halafu mara mbili tena. Kwenye kasi ya tatu utajikuta umesimama wima bila kujijua (kila mtu husimama). Ukiona hivyo, rudi ya kwanza. Na usipige kwenye sementi tupu. Sakafu ya mbao ni bora, la sivyo tafuta mkeka mwembamba usioteleza.

Mtoto mdogo, dakika 15 nyumbani zinamtosha.