Jumamosi ya tatu: namna ya kuendesha kazi ya kila mwezi ya klabu inayohudumia watoto

Klabu nyingi za kujitolea za mtaani hufanya kazi kubwa mara moja kwa mwaka. Desemba yanapelekwa maboksi ya zawadi, picha zinapigwa, halafu kimya hadi Desemba nyingine. Mtoto wa darasa la pili hufaidika zaidi na watu walewale wanaorudi kila mwezi kufanya jambo lilelile, hata likiwa dogo. Mpango huu ni wa klabu yenye wanachama 20 hadi 25 inayohudumia shule moja ya msingi ya serikali, watoto 120 wa darasa la kwanza hadi la tatu, kila Jumamosi ya tatu ya mwezi, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita. Mkiwa wachache, punguzeni watoto, msipunguze miezi.

Ruhusa kabla ya unga

Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Itaje mambo ya kushikika: tarehe zote za mwaka, idadi ya watoto, chakula kitakachopikwa, nani atakuwa na dhamana ya siku hiyo, na kwamba klabu haitoi dawa wala haikusanyi mchango kwa wazazi. Ombeni mwalimu mmoja wa zamu, madarasa matatu, na ufunguo wa choo. Ufunguo wa choo husahaulika kila mara, na watoto 120 bila choo ni balaa ifikapo saa nne.

Fomu ya ridhaa ya mzazi hujazwa mara moja kwa mwaka, wiki ya pili ya Januari. Iwe nusu karatasi: jina la mtoto, simu ya mzazi, chakula kinachomdhuru, ugonjwa ambao msimamizi anapaswa kuujua (pumu, kifafa, selimundu), na swali la picha, ndiyo au hapana. Mtoto asiye na fomu anakula na kusoma kama wenzake, ila hapigwi picha.

Mzunguko wa mwezi

Jumamosi ya kwanza ni kikao, kisichozidi saa moja: hesabu ya mwezi uliopita, kilichoharibika, zamu za mwezi huu, orodha ya manunuzi. Kila kazi iandikiwe jina la mtu. Ikiandikwa "kamati itashughulikia", haina mwenyewe. Wiki ya pili ni ya kununua na kumkumbusha mwalimu mkuu kwa simu. Ya tatu ni ya kazi. Ya nne ni ya taarifa.

Klabu kubwa za huduma duniani zina umri wa zaidi ya miaka mia: Rotary ilianza Chicago mwaka 1905, Kiwanis ikaanza Detroit mwaka 1915, Lions ikaanza Chicago mwaka 1917. Zina siku maalumu ya kikao, ada inayojulikana, na uongozi unaopokezana kila mwaka. Hayo matatu mnaweza kuyaiga bila kujiunga na yeyote. Rotary na Lions huanza mwaka wao Julai 1. Kiwanis, ambayo watoto ndio kazi yake kuu, huanza Oktoba 1. Kwa kalenda ya shule za Tanzania, Julai inafaa: Juni shule zimefungwa, kwa hiyo viongozi wapya wanapata nafasi ya kukabidhiwa madaftari. Kubadilisha uongozi Januari ni kujitafutia taabu, maana huo ndio mwezi wenye fomu, madaftari na sare.

Fedha zina kanuni moja: anayezishika asiwe anayenunua, na anayenunua asiwe anayepokea mzigo. Tuseme wanachama 24 wanatoa shilingi 10,000 kila mmoja. Hizo ni 240,000. Tengeni 24,000 za akiba kabla ya kununua chochote, kwa sababu utakuja mwezi ambao nusu ya watu hawajatoa, na watoto watakuwa wamesimama getini na vikombe. Dukani dai risiti ya mashine. Sokoni, ambako muuza ndizi hana risiti, beba kitabu cha hati za malipo: bidhaa, kiasi, bei, sahihi au dole gumba la muuzaji.

Uji wa watoto 120

Kikombe cha mililita 300 kwa watoto 120 ni lita 36. Tumieni unga wa dona kilo 4.5 na maji lita 36, yaani kilo moja kwa lita nane, pamoja na lita nne za maji moto pembeni za kulegezea. Sukari kilo 1.5 inatosha, chumvi vijiko viwili vya chai. Sufuria iwe ya lita 50. Ya lita 40 itafurika uji ukianza kutokota.

Moto uwashwe saa moja na nusu. Maji lita 26 yaende jikoni. Lita 10 zibaki baridi kwenye ndoo. Unga wote umiminwe kwenye ndoo ya maji baridi na kukorogwa kwa mwiko hadi usibaki ukavu pembeni. Maji ya jikoni yakichemka, mpishi amimine mchanganyiko huo polepole huku mwenzake anakoroga bila kusimama, mwiko ukifika chini ya sufuria. Uji ukishatokota tena, punguza kuni na upike dakika 20 zaidi. Sukari iingie mwishoni, kwa kuwa ikiwekwa mapema hushika chini na kuungua.

Madonge hutokea pale mtu anapomwaga unga mkavu kwenye maji yanayochemka. Hayatibiki kwa kukoroga, yachujwe. Harufu ya unga mbichi maana yake mmeipua mapema, na watoto watalalamika matumbo. Uji ukiungua chini, usikwangue: hamishia wa juu kwenye sufuria nyingine upesi na uache ukoko ulipo. Uji ukiwa mzito mno, ongeza maji ya moto, kamwe yasiwe ya bomba.

Uipuliwe saa tatu, unywewe saa nne. Saa hiyo nzima ni ya lazima, maana uji hushika joto muda mrefu kuliko chai na mtoto wa miaka saba hajui kusubiri. Mpishi aweke tone nyuma ya kiganja chake; likimchoma yeye, watoto bado. Vikombe viwe 130. Vioshwe kwenye beseni tatu: maji ya sabuni, maji ya kusuuza, kisha maji ya moto.

Neno kuhusu unga wa lishe. Ule wa mchanganyiko wa nafaka saba pamoja na soya na karanga unasifiwa sana, lakini karanga zilizosagwa huchacha haraka, na soya isiyokaangwa au kuchemshwa kwanza huzuia mwili kutumia protini vizuri. Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu inayoingia kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Kwa hiyo nunueni mahindi mazima, yamwagwe kwenye mkeka, ziondolewe punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au nyeusi, ndipo yapelekwe mashineni. Sageni ya mwezi huo tu. Mkitaka kuongeza lishe, maziwa na yai la kuchemsha ni salama kuliko poda isiyojulikana ilisagwa lini.

Mwezi wa Ramadhani, kwenye shule yenye watoto wanaofunga, jiko la saa nne lisiwepo. Badilisheni kwa vifurushi vya futari vya kupeleka nyumbani, na wapewe watoto wote, wanaofunga na wasiofunga.

Kunawa: kibuyu chirizi

Bila maji ya kunawia, uji wenu ni njia nzuri ya kusambaza kuhara. Shule nyingi hazina bomba karibu na madarasa, na kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa kukanyaga kijiti, hutengenezwa kwa dakika arobaini.

1. Chukua dumu la lita 5 lililokuwa na mafuta ya kula au maji, kamwe si la dawa za kuulia wadudu wa mimea.
2. Pasha msumari moto, toboa tundu la milimita 2, sentimita 12 chini ya mfuniko. Tundu kubwa humaliza maji kwa watoto kumi.
3. Chimbia nguzo mbili zenye panda, kina sentimita 50, zikiachana sentimita 70. Pitisha fimbo kwenye mkono wa dumu na uilaze juu ya panda.
4. Toboa mfuniko, pitisha kamba ya nailoni, funga fundo ndani. Ncha ya pili funga kwenye kijiti cha kukanyagia. Kijiti kiinuke sentimita 15 kutoka ardhini. Kamba ikiwa ndefu mno, dumu haliinami.
5. Chini chimba shimo la sentimita 40 kwa 40, kina 10, jaza kokoto. Bila kokoto panakuwa tope na mazalia ya mbu.

Sabuni iliyotobolewa na kuning'inizwa wazi huondoka siku hiyohiyo: Dar es Salaam na Tanga kunguru huinyofoa, kwingine ni mbuzi. Itieni kwenye wavu wa vitunguu na kuifunika kwa nusu ya chupa ya plastiki, au tumieni maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga kwenye chupa ya lita 1.5, mfuniko ukiwa na tundu. Mtoto mmoja hutumia kama mililita 100, hivyo dumu moja haliwatoshi wote. Wekeni matatu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujaza tu.

Saa moja ya kusoma

Baada ya uji watoto wagawanywe kwa uwezo, msiangalie madarasa. Mwezi wa kwanza kila mtoto asomeshwe peke yake kwa dakika mbili: silabi kumi, maneno kumi, aya fupi ya sentensi nne, hadithi fupi. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo. Msishangae kumkuta wa darasa la tatu kwenye silabi na wa la kwanza kwenye hadithi. Kundi liwe la watoto wasiozidi kumi na mtu mzima mmoja, mlango ukiwa wazi.

Dakika 15 mtu mzima asome kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Dakika 25 watoto wasome wawili wawili. Dakika 15 waandike sentensi moja ya kwao wenyewe. Kosa la kawaida la wanachama wapya ni kumsahihisha mtoto kila neno. Baada ya dakika tano ananyamaza. Acha amalize sentensi, kisha rudini kwenye neno moja tu. Pimeni tena baada ya miezi mitatu na wahamisheni makundi. Vitabu 60 vya hadithi vya Kiswahili vinatosha mkivibeba kwenye sanduku lenye daftari la kuhesabia.

Ulinzi wa mtoto

Hapa hakuna mjadala. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mmoja, chooni wala njiani. Hakuna kubadilishana namba za simu na watoto, kuwapa fedha mkononi au kuwapeleka nyumbani kwa gari. Picha za mtandaoni zisionyeshe uso pamoja na jina la shule, na zisiwe za mtoto akipokea kitu.

Mtoto akikuambia anaumizwa, msikilize, usimhoji kama polisi, na usimwahidi kuwa itakuwa siri. Andika maneno yake kama alivyoyasema, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, na taarifa iende kwa ofisi ya ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi, au simu 116, ambayo ni ya bure. Usiende kwanza nyumbani kwa mtoto "kuongea na familia". Mara nyingi mwenye kuumiza yuko humo.

Miezi isiyofanana

Januari ongezeni madaftari: manne ya kurasa 80 kwa mtoto hutosha kuanzia. Juni kuna Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16, inayokumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Juni na Desemba pia ni miezi ya matone ya vitamini A na dawa za minyoo kwa walio chini ya miaka mitano. Kazi ya klabu ni kuwasaidia wahudumu wa zahanati kupanga foleni na kuwaita akina mama, dawa waachieni wao. Shule ikifungwa, hamieni ofisi ya mtaa na makundi ya kusoma tu.

Nguo kuukuu zikiletwa, zikataeni kwa adabu. Kuzigawa kwa haki huchukua siku nzima na huacha ugomvi.

Taarifa ya wiki ya nne

Ukurasa mmoja: watoto waliofika, unga uliotumika, fedha zilizoingia na kutoka, makundi ya kusoma, kilichoharibika. Nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule, wazazi waione, nyingine iende kwenye kundi la simu la wanachama pamoja na picha za risiti. Watoto wakipungua miezi miwili mfululizo, mwulizeni mwalimu wa zamu kabla ya kubuni sababu. Huenda Jumamosi kumeanza madrasa au masomo ya ziada, na mkisogeza muda kwa saa moja tu watarudi.