Kutunza upanga wa Kijapani na mapambo yake katika hewa ya Lamu

Upanga wa mtindo wa Kijapani uliofuliwa kwa mkono ni chuma cha kaboni, nacho hushika kutu upesi. Japani kwenyewe, wenye panga hizi huzifuta na kuzipaka mafuta kila baada ya miezi kadhaa. Lamu miezi hiyo ni mingi mno. Wakati wa kusi, upanga uliotundikwa kwenye nyumba inayoelekea bahari unaweza kuota madoa mekundu kabla mwezi haujaandama tena, na mwenyewe asijue, kwa kuwa kutu huanzia ndani ya ala.

Adui mkubwa ni chumvi. Chumvi ya jikoni huanza kuvuta maji na kuyeyuka unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, ambayo huvuta maji hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, huifunika tu, ikaendelea kula chuma chini kwa chini. Kwa hiyo chumvi hutolewa kwanza, mafuta hufuata. Anayepaka mafuta kila Ijumaa bila kutoa chumvi anajichosha.

Jua kwanza ulicho nacho

Panga nyingi za mkono zinazouzwa siku hizi hutoka Longquan, nchini China, na hizo unaweza kuzisafisha mwenyewe kwa njia iliyoelezwa hapa. Kama wako ni wa kale uliotengenezwa Japani, hasa wenye maandishi kwenye msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, ufute kwa kitambaa kikavu, paka mafuta, basi. Kutu nyeusi ya msuka ndiyo wajuzi wanayosomea umri wa upanga. Ukiisugua umeutupa nusu ya thamani yake.

Kisha angalia mapambo. Chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Kikinga mkono, yaani tsuba, kikinasa ni chuma. Kisiponasa, kivue na kwaruza kidogo kwa sindano pale panapofunikwa: wekundu ni shaba nyekundu, umanjano ni shaba ya manjano, na weupe wa kijivu ulio laini ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi. Ya zinki ikianza kutoa unga mweupe haina dawa, itafutie nyingine.

Vya kuwa navyo

Vitambaa vitatu vya pamba vilivyofuliwa mpaka vikalainika, visivyotiwa dawa ya kulainisha nguo. Maji safi yasiyo na chumvi: yale ya kuongezea betri yanafaa, ila dukani sema wazi unataka maji, maana ukitaja betri tu unaweza kupewa asidi. Maji ya kisima ya Lamu usiyasogeze karibu. Isopropili, aina ya spiriti isiyo na rangi, ya asilimia 90 au zaidi, ileile mafundi wa simu wanayosafishia bodi. Spiriti yenye rangi huacha alama. Na mafuta ya cherehani.

Mafuta ya choji, yaani karafuu kwa Kijapani, yanayouzwa pamoja na panga hizi kwa kawaida ni mafuta mepesi ya madini yaliyotiwa karafuu kidogo. Kinachozuia kutu ni hayo ya madini, karafuu ni harufu. Hivyo mafuta ya karafuu ya Pemba, mazuri yalivyo, peke yake hayalindi chuma. Mafuta ya nazi na ya simsim ni mabaya zaidi: yakikaa huchacha, yakawa gundi inayonasa vumbi.

Ule mfuko mdogo wa unga unaokuja kwenye seti ya usafi uache sandukuni. Ni unga wa jiwe la kunolea, na ule wa bei rahisi huchora mikwaruzo.

Kuuchomoa na kuufungua

Ala imeunganishwa kwa vipande viwili vya mbao, na mshono mmoja uko upande wa makali. Ukiikumbatia kwa vidole karibu na mdomo wake, makali yanaweza kupasua mbao yakakuta vidole. Shika ubavuni, makali yatazame juu, sukuma tsuba kwa dole gumba mpaka kola ya shaba iliyo shinani mwa upanga, habaki, iachie mdomo wa ala. Kisha vuta polepole, mgongo wa upanga ukiteleza juu ya mbao.

Mpini umeshikwa na kigingi cha mwanzi, wakati mwingine viwili. Kigingi ni chembamba upande mmoja. Kigonge kutokea upande huo kwa pini ya shaba na kinyundo kidogo. Kikitoka, shika mpini kwa mkono wa kushoto, upanga umesimama na kuelekea nyuma kidogo, halafu piga kifundo cha mkono huohuo kwa ngumi ya kulia, taratibu. Msuka utalegea kwa mapigo machache. Usiuvute kwa kushika makali, hata kwa kitambaa.

Toa sepa ya kwanza, yaani kile kibati chembamba cha shaba, halafu tsuba, sepa ya pili, mwisho habaki. Vipange kitambaani kwa mfuatano vilivyotoka na upige picha kwa simu. Sepa mbili zikibadilishana nafasi, mpini hulegea, na sababu haionekani kwa macho.

Kusafisha

Chagua adhuhuri kavu, si siku ya manyunyu. Kunja kitambaa juu ya mgongo wa upanga, makali yakiangalia mbali nawe, na futa kutoka shinani kwenda nchani. Usirudi nyuma.

Anza na isopropili kuondoa mafuta ya zamani. Kitambaa cha pili kiwe na yale maji safi ya kuongezea betri, kikamuliwe hasa kisidondoke. Pitisha mara mbili, kila mara upande safi wa kitambaa. Hapo ndipo chumvi hutoka. Kausha papo hapo, kisha pitisha isopropili tena ili ibebe maji yaliyobaki. Ngoja dakika moja. Matone matatu au manne ya mafuta kwenye kitambaa cha tatu yanatosha upanga wa sentimita 70: chuma kionekane kimefifia kidogo, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mafuta yakichuruzika yamezidi, yataingia mbao za ala na kushika uchafu. Wajapani hushika karatasi mdomoni wakati wa kazi hii ili mate yasirukie chuma. Mazungumzo ya barazani yangoje.

Doa jekundu likionekana, liache chini ya mafuta usiku kucha, asubuhi futa. Likibaki, liache lilivyo ulipake mafuta kila wiki. Msasa utaliondoa, lakini utaondoa na hamoni, ule mstari wa mawimbi unaotokana na udongo aliopaka mfuaji kabla ya kuzamisha chuma cha moto majini, na kuurudisha ni kazi ya fundi wa kunoa, ghali kuliko upanga wenyewe.

Kusi lote rudia kila wiki mbili au tatu. Kaskazi, mara moja kwa mwezi.

Mapambo: mkono wetu ndio hatari

Hapa ndipo vitu vizuri huharibiwa na nia njema. Pwani tumezoea shaba ing'ae, na kila nyumba inajua ndimu, ukwaju na majivu. Kwenye mapambo ya Kijapani hivyo ni sumu. Shakudo ni shaba nyekundu yenye dhahabu kidogo, kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, na weusi wake wenye kivuli cha zambarau si uchafu: ni ngozi nyembamba iliyoletwa kwa kuchemshwa kwenye dawa. Shibuichi, shaba iliyochanganywa na fedha, nayo hupata kijivu chake vivyo hivyo. Ndimu moja, dakika tano, ngozi imekwenda. Hizi futa kwa kitambaa kikavu laini, na vumbi la kwenye nakshi litoe kwa brashi ya nywele.

Tsuba ya chuma ina kahawia iliyoiva, iache. Kutu ya kuondoa ni ile nyekundu inayobaki kidoleni. Chonga kipande cha mfupa au pembe ya ng'ombe kiwe na ncha butu, tia tone la mafuta, na sugua palepale penye kutu. Mfupa ni laini kuliko chuma, hauchori. Kwenye shaba, unga wa kijani mpauko ni chumvi inayokula. Uchokoe kwa kijiti cha mbao, suuza tsuba yenyewe tu, tena ya shaba tupu, kwa yale maji safi ya kuongezea betri, na ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Mpini usitiwe maji kabisa. Chini ya uzi uliosukwa kuna ngozi ya taa, samaki tunayemjua vizuri, na ikilowa uzi hulegea na ukungu huota. Ukungu upige brashi kavu kivulini.

Ala na mahali pa kuweka

Upanga mwingi hufika kisiwani kwa boti kutoka Mokowe, na sanduku likipigwa na maji, ala ndiyo inayobaki na chumvi. Ikilowa, usirudishe upanga ndani. Isimamishe mdomo chini, kivulini penye upepo, siku kadhaa. Juani mbao hupinda na mshono, ambao kwa desturi ya Kijapani hugundishwa kwa uji wa wali, hufunguka.

Kidaka kwenye ukuta wa nje wa matumbawe kinapendeza, lakini ukuta huo hunywa unyevu. Weka upanga kwenye kabati la ndani, ukiwa umelala, makali juu, pamoja na vifuko vya silika, vile vidogo vya kunyonya unyevu, usiufunge kwenye ngozi. Mchele kwenye kisahani hausaidii kitu.

Tsuba ikicheza

Mbao za mpini hukauka kaskazi, na tsuba huanza kulia. Usijaze gundi. Chora umbo la sepa kwenye karatasi ngumu, tundu na vyote, umpelekee sonara akukatie nyingine ya shaba nyekundu, nene kuliko ya zamani kwa sehemu ndogo ya milimita. Mpe sepa, upanga ubaki nyumbani. Ikirudi ikawa nene mno, tundu la kigingi halitalingana na la msuka. Ipunguze kwa tupa, upande mmoja, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Kigingi kiingie kwa kugongwa kidogo. Kikiingia kwa kidole tu, kata kingine cha mwanzi mkavu uliokomaa kabla ya kuuinua upanga huo tena.