Mstaafu mwenye magoti mabovu, ulizia AMCOS kabla ya msimu

Wazee wenzangu wa Mbozi na Rungwe, kama mgongo au magoti hayaruhusu tena jembe, msikimbilie kazi ya dukani ya kusimama kutwa. Nendeni AMCOS ya kahawa, yaani chama cha ushirika cha wakulima, iliyo karibu mwezi Aprili, kabla mavuno hayajaanza, mkaulizie ukarani wa msimu: kusoma mizani, kuandika stakabadhi, kujaza daftari la wakulima. Mwalimu au muuguzi mstaafu anaiweza kazi hiyo vizuri mno. Semeni mapema, bila aibu, kwamba gunia hamnyanyui na mnahitaji kiti chenye egemeo. Ombeni pia kuanza saa nne, maana baridi ya Juni na Julai huku kwetu hukaza viungo asubuhi. Na malipo yaandikwe kwenye karatasi, ya siku au ya mwezi.