Somo: Jinsi ya kutunza barua na makaratasi ya mwalimu wa vayolini

Habarini ndugu zangu. Mwalimu wangu wa vayolini alipofariki familia ilinikabidhi maboksi matatu, barua, programu za konseti, nota, madaftari ya wanafunzi, yote yalikaa Kirumba, Mwanza, miaka mingi na unyevu wa ziwa ulishaanza kuyala.

Kwanza usipange upya. Piga picha kila boksi kabla hujagusa kitu. Mimi nilikuta barua ya mwanafunzi imechomekwa kwenye nota za mtunzi Bach, ukurasa uleule anaouulizia, na pembeni mwalimu ameshamjibu kwa penseli, ningezipanga kwa tarehe hilo jibu ningelipoteza kabisa.

Pili, pini zenye kutu toa. Geuza karatasi, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu, usivute. Vipande vya magazeti vitenganishe na karatasi nyeupe maana gazeti lina asidi, linaacha doa la kahawia. Selotepu na lamineti hapana jamani.

Tatu, na hapa nasisitiza, USIFUTE penseli kwenye nota! Namba za vidole, upinde juu, upinde chini, ndiyo mwalimu anaongea. Mwaka 1878 mtunzi Brahms alimtumia mpiga vayolini Joachim sehemu ya vayolini ya konseto yake (muziki wa vayolini na okestra) amrekebishie, Joachim akaipiga Leipzig, Ujerumani, tarehe 1 Januari 1879, na mabishano yao tunayajua leo kwa sababu barua na nota zenye alama zilitunzwa.

Mwisho, boksi lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta, hasa masika.

MASWALI

Mwalimu, zangu zimelowa na mvua ya juzi, nianike juani?
– Hapana, wino utapauka. Tandaza kivulini penye upepo, leo hii, siku mbili tu ukungu unaanza. Zikiwa nyingi zifunge kwenye plastiki uweke kwenye friza, utazikausha kidogo kidogo.

Shikamoo mwalimu. Kuna barua inamsema vibaya mzazi mmoja, bado yupo hapahapa mjini. Nichome?
– Marahaba mwanangu, usichome. Itie kwenye bahasha yake, kaa na familia mkubaliane ifunguliwe mwaka gani. Na usiiposti, kupewa karatasi sio kupewa haki ya kuchapisha, hiyo ni ya aliyeandika au warithi wake.

Unga wa rozini (ule utomvu mkavu wa kupaka upinde) kwenye nota nitoe na spiriti?
– Spiriti itaondoka na wino. Brashi laini, kavu, basi.