Somo: Paka mwembamba anayedengua chakula kwenye nyumba yenye paka wengi

Swali linaloletwa sana humu ni hili: paka mmoja amekonda, wenzake wamenona, nimpe chakula gani? Kabla ya chakula, nataka tuzungumzie sahani imewekwa wapi. Kwenye nyumba yenye paka watatu, wanne au sita, yule mwembamba mara nyingi hadengui. Anazuiwa, na anayemzuia hapigi kelele yoyote.

Hatua ya 1: Kaa utazame

Weka chakula kama kawaida, vuta kigoda, usiingilie. Kwangu yuko jike wa kijivu, Chausiku, na dume mkubwa mwenye chongo tunayemwita Sultani. Sultani akishashiba haondoki. Anajilaza kwenye kizingiti cha jikoni, ncha ya mkia ikipigapiga sakafu, na jicho lake moja halimwachi Chausiku. Hangurumi, hakwaruzi. Chausiku anafika katikati ya ukumbi, anakaa, anajilamba bega kana kwamba hana haja, halafu anageuka na kupanda dirishani. Mgeni atasema paka huyu hana hamu ya kula. Hamu anayo, njia ndiyo hana.

Tazama na mengine. Paka anayekuja mbio, akanusa, kisha akarudi nyuma akilambalamba midomo, huenda ana kichefuchefu. Mwenye mafua hasikii harufu, na paka asiyesikia harufu hali. Anayeanza kula kisha akadondosha kipande, akainamisha kichwa upande mmoja au kujifuta mdomo kwa mkono, mwangalie meno na fizi.

Hatua ya 2: Mpime

Manyoya yanadanganya. Mweke kwenye beseni juu ya mizani, toa uzito wa beseni, andika. Rudia kila wiki, siku ileile, kabla hajala. Paka wa kilo 4 akipungua gramu 400 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, sawa na mtu wa kilo 70 kupungua kilo 7. Kwa macho hutaona hadi mambo yameshaharibika.

Hatua ya 3: Ondoa ugonjwa kwanza

Minyoo, viroboto, meno, na kwa wazee figo. Paka akila kiroboto wakati anajilamba anaweza kupata tegu, kwa hiyo kutibu minyoo huku viroboto wamejaa ni kazi ya kurudia. Tibu paka wote kwa pamoja, siyo mwembamba peke yake.

Hapa naomba tusikilizane vizuri: paka aliyekomaa akimaliza siku nzima bila kula chochote, mpigie daktari wa mifugo. Siku mbili ni dharura. Paka asipokula, mwili unayeyusha mafuta na kuyapeleka kwenye ini, ini linalemewa, na wanene ndio wanaoanguka haraka zaidi. Kwa hiyo ule ushauri wa "mwache na njaa, atakula tu" hauna nafasi kwa paka. Mtoto wa paka usimsubirishe hata hiyo siku moja.

Hatua ya 4: Tenganisha

Hii ndiyo hatua inayobadilisha mambo. Kila paka na sahani yake, na sahani zisionane. Kuzipanga mstari mmoja ukutani hakusaidii, kwa sababu bado wanatazamana. Mmoja ale jikoni, mwingine uani, mwembamba chumbani na mlango umefungwa. Baada ya dakika 20 hadi 30 fungua, ondoa masalia yote.

Kama huna vyumba, tumia ule wembamba wake. Funga mlango kwa kamba uache upenyo anaopita yeye tu, au chukua sanduku la mbao, toboa tundu la kumtosha yeye, weka sahani ndani. Pengine juu ya kabati panatosha, ikiwa yeye ni mpandaji na mnene hawezi. Asiweke mgongo wake mlangoni wakati anakula. Paka mwoga anataka kumwona anayekuja.

Tumbo la paka ni dogo. Mwembamba mpe mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo. Paka wa kilo 4 anahitaji kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Kwa chakula kikavu cha paka ni wastani wa gramu 60. Gawa hizo, usimwage zote asubuhi.

Hatua ya 5: Sasa chakula

Paka ni mla nyama. Ugali na wali wenye mchuzi vinamjaza tumbo bila kumjenga. Anahitaji taurini, kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki. Kikimpungukia kwa muda mrefu moyo unadhoofika na macho yanaharibika. Moyo wa kuku una taurini nyingi. Ukichemsha, sehemu yake inatoka na maji, kwa hiyo mpe na supu yake. Maini ni kidogo tu, mara moja moja, kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

Dagaa wakavu waloweke, mwaga maji ya chumvi, kisha chemsha. Baadhi ya samaki wakiwa wabichi huharibu vitamini B1, kwa hiyo wapike. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vilivyoyeyukia kwenye mchuzi, ni sumu kwake.

Chakula cha baridi hakinukii. Kipashe kiwe vuguvugu kama mwili wake, kisha mwite.

Maswali ya wanachama

*Wangu anakula dagaa tu, chakula cha dukani anakikanyaga. Nifanyeje?*

Twanga dagaa aliyeondolewa chumvi, akachemshwa na kukaushwa, mnyunyizie juu ya chakula kipya. Anza na kijiko kimoja cha kipya ndani ya alichozoea, ongeza taratibu kwa siku 7 hadi 10. Akigoma, rudi nyuma hatua moja.

*Shikamoo mwalimu. Daktari yuko mbali, naweza kumpa dawa ya minyoo ya watoto?*

Marahaba mwanangu. Usikadirie. Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa na uzito wake ulioandikwa, uombe dawa ya paka. Kwa tegu ni prazikwanteli, kwa minyoo mviringo ni piranteli. Panadol usimpe kamwe, hata robo, inaua. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini usiipake kwa paka.

*Maziwa yatamnenepesha?*

Wengi wakishakua maziwa ya ng'ombe yanawaharisha. Mpe supu.

*Bibi yetu ana miaka 13, anakula kuliko wote lakini anakonda. Tumeshatenganisha sahani.*

Dada, hapo sahani haina kosa. Paka mzee anayekula sana na kukonda anaweza kuwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au kisukari. Mwangalie pia kama anakunywa maji mengi. Anahitaji kupimwa damu. Mpeleke wiki hii.

*Nitajuaje kwamba huyu ni mwembamba wa kuzaliwa tu?*

Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu uzisikie chini ya ngozi, zikiwa na mafuta kidogo juu yake. Ukiziona kwa macho kwenye paka wa manyoya mafupi, na uti wa mgongo umechongoka, amekonda. Lakini kama uzito haujashuka miezi kadhaa, anacheza, manyoya yanang'aa na choo ni kigumu kiasi, hilo ndilo umbo lake. Endelea kumpima tu.