Kabla hujaniambia "Mgosi, niwekee giza"

Mteja akifika hapa kwangu Ngamiani, neno la kwanza ni "Mgosi, gari langu liwekee tinti namba hamsini." Nami namuuliza: hamsini juu ya kioo gani?

Tinti ni ile plastiki nyembamba ya giza inayobandikwa kwenye kioo cha gari, na namba yake ni asilimia ya mwanga unaopenya. Namba ikishuka, giza linazidi. Wengi wanadhani kinyume. Na kioo chenyewe, hata kikiwa kitupu, hakipitishi mwanga wote. Kikipitisha 75, ukakibandika tinti ya 70, usijidanganye una 70. Zidisha: 0.75 mara 0.70, unabaki na 52. Anayepima hatenganishi kioo na tinti.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, kioo cha mbele na vya milango ya mbele sharti vipitishe angalau 70. Ndiyo maana gari linashuka melini nyuma kuna giza, mbele kweupe. Uingereza, kwa magari yaliyoanza kutumika tangu Aprili 1985, kioo cha mbele ni 75, milango ya mbele 70, nyuma hiari yako. Dubai, kwa jua lao lile, mwaka 2017 waliruhusu giza lipande kutoka 30 hadi 50 (wao hapo wanahesabu giza, si mwanga), ila kioo cha mbele hakiguswi. Marekani kila jimbo na lake: milango ya mbele California ni 70, Florida 28, Texas 25. Kwa hiyo usiniletee video ya gari la Texas ukasema "mbona hawa wameweka". Nenda kwanza kaulize trafiki wa hapa, na kama unavuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya mara kwa mara, ulizia na upande wa pili.

Kujipima ni rahisi. Weka kwenye simu programu ya kupima mwanga. Egesha kivulini, mchana, mawingu yasiwe yanapitapita. Shusha kioo, shika simu pale kioo kinapopita, uso wake uangalie nje, soma. Sasa pandisha kioo, igandishe simu kwa ndani, soma tena. Gawa ya pili kwa ya kwanza. Ukipata 8,000 kisha 4,160, hiyo ni 52. Rudia mara tatu. Si kipimo cha kubishania na askari, lakini utajua umesimama wapi.

Namba 5 siweki tena. Niliwahi kumwekea mtu gari zima. Wiki haikuisha, akirudisha gari nyuma usiku bila kuona, akaparamia mkokoteni wa machungwa. Machungwa tulilipa wote wawili.

Kama shida yako ni joto, chukua tinti ya seramiki, hata nyeupe inazuia joto kuliko zile nyeusi za bei rahisi zinazogeuka zambarau. Na ukibandua ya zamani kioo cha nyuma, wembe weka mbali: zile nyaya nyembamba za kukausha ukungu zikikatika, haziungiki kirahisi. Pasha moto, vuta polepole, gundi iliyobaki ilowekee sabuni.