Capri ya V6 kwenye marram: springi zipi, shoki zipi

Kijana mmoja aliniletea Ford Capri ya marehemu babake, ya kukimbizia autokrosi (mbio za kushindana na saa kwenye njia fupi), hapa Kariobangi Light Industries, Nairobi, ile ya V6 ya lita 3, akiwa ameshakata koili moja nzima kwenye springi za mbele. "Fundi, nimeishusha vile Wamarekani hufanya." Nikamuuliza hao Wamarekani hukimbilia wapi. Autokrosi yao ni ya lami, katikati ya koni. Yetu ni ya marram, udongo wenye changarawe, na ukifika mzunguko wa tatu kona zimeshachimbika mitaro. Gari ya chini hapo hukwaruza tumbo, na tairi likibaki hewani halina cha kushika.

Kwa hivyo acha gari kwenye kimo cha kiwandani, au ipandishe sentimita 2. Ford Escort zilizoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1972 na 1977 zilikuwa na mpangilio kama huu, strati mbele (springi na shoki kwenye mguu mmoja) na kamani nyuma (springi za majani ya chuma). Tafuta picha zake uone zilivyosimama. Injini ya V6 ni chuma kitupu na uzito wote uko puani, kwa hivyo usidanganyike na springi za Capri ya injini ndogo.

Pesa zako weka kwenye shoki, zile zinazotuliza springi zisidunde ovyo. Shoki ya mafuta ya bei rahisi ikipigwa mashimo mfululizo, mafuta huingia hewa yakatoa povu, na gari huanza kudunda kama punda aliyeumwa na nyigu. Ya gesi hustahimili zaidi kwa sababu presha hubana hilo povu. Ukimaliza mizunguko miwili, shika kila shoki kwa mkono, taratibu usije ukaungua. Iliyo baridi wakati wenzake ni moto imekufa. Haifanyi kazi yoyote.

Kabla ya kununua chochote, chungulia bushi, vile vipira vya maungio, za stabilaiza ya mbele, kile chuma kinachopita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Kwenye Capri chuma hicho hakizuii gari kulala tu, kinashikilia pia mkono wa chini usirudi nyuma. Bushi zikiisha, kila ukipiga breki gurudumu linahama na usukani unatangatanga. Nimeona watu wakibadilisha rack nzima ya usukani kwa ugonjwa wa bushi mbili!

Nyuma ndiko kwenye vita. Ukikanyaga mafuta ukitoka kona, ekseli hujipinda, kamani zikajikunja kama herufi S, zikaachia, zikajikunja tena, na difu, ile gia ya katikati ya ekseli, ikaanza kurukaruka. Wengi huongeza jani la kamani. Mimi sikubali, maana nyuma ikiwa ngumu mkia hukuponyoka kwenye vumbi. Funga vyuma viwili vyenye bushi kwenye ncha zote, kutoka chini ya ekseli hadi kwenye chesisi, viende sambamba na nusu ya mbele ya kamani, na vishikilio vyake uvichomelee penye bati nene. Yubolti, zile zinazofunga ekseli kwenye kamani, zikaze tena baada ya mzunguko wa kwanza.

Pua ikigoma kuingia kona, punguza ugumu mbele kabla ya kugusa nyuma. Badilisha kitu kimoja, kimbia, andika muda kwenye daftari. Ukibadilisha viwili hutajua kipi kimekusaidia.

Yule kijana alipata springi nzima Grogan, kule kunakouzwa spea Nairobi. Moja ya zile alizokata naegemeza nayo lango la gereji, upepo usilifunge.